Kutoka Salamu hadi Alama: Mtumaji katika Michezo ya Kompyuta ya Mtandaoni

Utangulizi

Katika ngano za mataifa mengi shujaa haondoki kwao bila sababu. Yupo mfalme, mzee au mama mgonjwa anayemtuma. Vladimir Propp, alipozichambua ngano za Kirusi katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1928, alimpa mhusika huyu nafasi yake maalumu miongoni mwa wahusika wa ngano, maana ndiye amtoaye shujaa nyumbani na kumtia njiani. Mtumaji huyo amepata makao mapya katika michezo ya kompyuta inayochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti, ambamo kila mchezaji huvaa nafsi ya shujaa aliyejiundia mwenyewe. Humo mtumaji si mtu aliye hai, bali ni mhusika aendeshwaye na kompyuta. Husimama mahali pake usiku na mchana akimngoja mpita njia wa kumtuma.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja tu, yaani namna mchezaji anavyokutanishwa na mtumaji huyo, na jinsi namna hiyo ilivyobadilika kwa muda wa miaka arobaini hivi. Jambo lenyewe yamkini laonekana dogo. Hata hivyo, ndani yake mna swali linalotuhusu sisi tunaojishughulisha na lugha: neno linapoondolewa na alama ikawekwa mahali pake, ni kipi kinachopotea?

Ulimwengu usio na mtumaji

Mchezo ulioanzisha ukoo huu ni MUD, ulioanza kuandikwa mwaka wa 1978 na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na kuendelezwa na mwenzake Richard Bartle. Haukuwa na picha. Mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipo, kisha akaandika amri zake kwa maneno. Humo hapakuwa na mzee wa kumwambia mtu aende wapi. Mchezaji alitafuta hazina, akaitupa katika kinamasi, akapata alama za ushindi, na kwa njia hiyo akapanda daraja hadi akawa mchawi. Haja ya safari ilitoka katika kanuni za mchezo wenyewe, wala haikutoka kinywani mwa mhusika. Kwa hivyo twaweza kusema kwamba MUD ulikuwa na safari bila ya mtumaji.

Zama za salamu

Mtumaji alianza kuonekana waziwazi michezo hii ilipopata picha na kuwa biashara kubwa. Katika Ultima Online, uliotolewa mwaka wa 1997, mchezaji aliweza kukutana na msafiri aliyetaka kusindikizwa hadi mji fulani. Maneno ya msafiri yalitokea juu ya kichwa chake, na mchezaji akamjibu kwa kuandika.

Lakini mfano ulio bora wa zama hizi ni EverQuest, uliotolewa mwezi wa Machi 1999. Shujaa mpya alizaliwa katika ulimwengu huo akiwa na barua mkobani. Barua ilimwagiza amtafute mkuu wa chama chake na kumkabidhi. Akishaipokea, mkuu alimkaribisha na kumpa vazi. Huo ulikuwa utambulisho wa kwanza, nao ulifanana sana na desturi ya mgeni aendaye ugenini na barua ya kumjulisha kwa mwenyeji.

Baada ya hapo mchezaji aliachwa ajitegemee. Hapakuwa na dalili ya kumwonyesha ni nani, kati ya wote waliosimama mjini, aliye na haja. Ilimbidi amkabili mmoja mmoja na kumsalimu. Aliyesalimiwa alijibu, na katika jibu lake aghalabu maneno fulani yalitiwa katika mabano ya mraba. Mchezaji aliyesoma kwa makini aliyarudia maneno hayo katika swali lake, na mtumaji akaendelea kusema. Asiyeuliza hakuambiwa. Wala si kila aliyesalimu alijibiwa vyema, kwani wahusika walitazama kabila la shujaa na sifa zake mbele ya jamaa zao; mwenye sifa mbaya alikataliwa, na pengine alishambuliwa.

Mchezo wa RuneScape, ulioanza mwaka wa 2001, ulishika njia ya katikati. Katika kasri ya Lumbridge yumo mpishi mwenye huzuni. Mchezaji haandiki maneno yake, bali huchagua miongoni mwa kauli alizoandaliwa. Akimuuliza mpishi ana shida gani, ataelezwa kwamba ni siku ya kuzaliwa kwa mkuu wa kasri na mpishi hana yai, maziwa wala unga wa kupikia keki. Hapa kuandika kumeondoka, lakini kuuliza kumebaki.

Tusiisifu mno njia hii ya zamani. Ilikuwa na adha zake. Mtu aliweza kuzunguka mji mzima akisalimu asipate lolote. Akikosea tahajia ya neno moja, mtumaji alinyamaza. Akimkabidhi kitu kisicho chake, kitu hicho aghalabu kilipotea. Wachezaji wengi wa EverQuest hatimaye walizitegemea tovuti zilizokusanya majibu, mathalan Allakhazam, na hivyo yale mazungumzo yakawa ni kunakili tu maneno yaliyokwisha kuandikwa na mwingine.

Zama za alama

Tarehe 23 Novemba 2004 kampuni ya Blizzard ilitoa World of Warcraft. Mchezaji aliyechagua kuwa binadamu alijikuta katika bonde la Northshire, na mbele yake amesimama askari aitwaye Willem, mwenye alama ya hisi ya rangi ya manjano juu ya kichwa chake. Alama hiyo haikubuniwa siku hiyo. Blizzard walikwisha kuitumia katika michezo yao ya awali. Ila sasa ilienea ulimwengu mzima. Mchezaji akimbonyeza Willem, hufunguliwa ukurasa wenye kichwa, masimulizi, muhtasari wa kazi, ujira, na vifungo viwili: kukubali na kukataa. Willem humpeleka kwa mkuu wake McBride, na McBride humtuma kazi nyingine. Kazi ikiisha, mahali pa alama ya hisi hutokea kiulizi.

Mwanaisimu hana budi kuyatazama mageuzi haya kwa makini. Kwanza, anayeanza mawasiliano amebadilika. Katika EverQuest mgeni ndiye aliyesalimu. Hapa mwenyeji ndiye aitaye, naye huita kabla mgeni hajafungua kinywa. Pili, masimulizi humtaja mchezaji kwa jina lake ingawa hajajitambulisha. Tatu, kiulizi chenyewe hutokea mwishoni, ilhali katika safari yote hakuna aliyeuliza. Nne, kwa kuwa muhtasari unatosha, masimulizi yamekuwa pambo. Hapo mwanzo maandishi yalitokea kidogo kidogo, kama mtu asemaye. Lakini palikuwa na njia ya kuyafanya yatokee yote mara moja, na mwenye haraka aliitumia. Mwezi wa Desemba 2009 ramani nayo ilianza kuonyesha mahali pa kila kazi, na tangu hapo hata maelekezo ya njia hayakuhitaji kusomwa.

Faida yake haikanushiki. Mamilioni ya watu wasiopata kucheza michezo ya aina hii waliingia bila ya kupotea. Tena alama haina lugha. Asiyejua Kiingereza vyema, ambaye EverQuest ungalimfungia mlango kwa kosa la herufi moja, aliweza kucheza.

Sauti, na kurudi nyuma

Waundaji wenyewe walihisi upungufu. Mwezi wa Desemba 2011 mchezo wa Star Wars: The Old Republic uliwapa watumaji sauti za waigizaji, na mchezaji akachagua jibu lake, wakiwa kundi, bahati nasibu iliamua ni nani atakayewasemea wenzake. Guild Wars 2, wa mwaka wa 2012, ulijaribu kumpunguza mtumaji: mchezaji akifika shambani penye shida hushiriki papo hapo bila ya kutumwa na mtu. Kisha mwezi wa Agosti 2019 Blizzard waliurudisha mchezo wao katika sura ya zamani, bila ya ramani yenye dalili. Wengi walifurahi kusoma tena masimulizi ili waijue njia. Lakini wengi pia waliongeza programu ndogo, kama vile Questie, iliyozirudisha zile dalili. Mazoea ya alama hayaondoki upesi.

Hitimisho

Lugha yetu ina hazina ya kutusaidia kulipima jambo hili. Kutokana na kitenzi kimoja, tuma, tumepata majina mawili yaliyo mbali mno kwa maana: mtume na mtumwa. Wote wawili wametumwa. Lakini mtume amjua aliyemtuma na ujumbe aliopewa, na anaweza kuueleza kwa maneno yake. Mtumwa hahitaji kujua ila aendako. Mchezaji wa zama za salamu, pamoja na taabu zake zote, alilazimika kuwa karibu na mtume. Mchezaji wa zama za alama ana hiari, na aghalabu huchagua lililo jepesi.

Haya si mambo ya wageni peke yao. World of Warcraft haujatolewa rasmi kwa Kiswahili, na vijana wetu wanaoanza kubuni michezo yao wanachukua vielelezo kutoka huko. Wakiichukua ile alama ya hisi na kutafsiri masimulizi yaliyo chini yake, watakuwa wametafsiri maneno ambayo wachezaji wengi huyaruka. Kiswahili kitakuwamo, lakini hakitakuwa na kazi. Ilhali tunayo adabu ya hodi na karibu, ya shikamoo na marahaba, ambamo mdogo humwanza mkubwa, na mgeni haelezi shida yake wala haambiwi ya mwenyeji kabla ya kujuliana hali. Mchezo ambamo mzee hanena mpaka asalimiwe inavyostahili utalifanya neno liwe ufunguo tena. Wajibu wa idara zetu ni kuwapa wabunifu hao elimu ya mazungumzo, mbali na orodha za istilahi tu, ili wanapomweka mzee njiani amtume shujaa, shujaa huyo awe na sababu ya kusimama na kumsikiliza.