Buibui na Mipaka ya Neno "Mdudu"

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania, mwanafunzi hufundishwa kwa Kiswahili kwamba mdudu ana miguu sita na mwili wenye sehemu tatu. Buibui ana miguu minane na sehemu mbili. Kwa hiyo, buibui si mdudu. Mwanafunzi huyo arudipo nyumbani, mama yake humwagiza afagie utando darini, maana wadudu wamezidi. Je, ni nani aliyekosea kati ya mwalimu na mama?

Historia yaonyesha kuwa fasili ya mwalimu ni changa. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliwaweka buibui pamoja na nyuki na nzi, kwa kuwa miili yao wote ina mikato. Mwaka 1758, Linnaeus naye aliwahesabu buibui, nge na hata kaa katika kundi la Insecta. Ni Lamarck, mwaka 1801, aliyewatenga buibui na nge katika kundi lao la araknida. Kabla ya hapo, basi, wataalamu wa Ulaya wenyewe walisema kama asemavyo mama.

Katika Kiswahili, neno "mdudu" halikujengwa juu ya hesabu ya miguu. Msingi wake ni udogo wa kiumbe, kutambaa kwake na, aghalabu, madhara yake kwa binadamu. Methali isemayo "Dudu liumalo usilipe kidole" haiulizi dudu hilo lina miguu mingapi. Yatosha kwamba lauma. Ugonjwa wa uvimbe wa kidole nao huitwa mdudu, na mchongezi huitwa kidudu mtu. Hali kadhalika, mgonjwa wa malaria huambiwa kuwa damu yake ina wadudu, ilhali vimelea hivyo havina mguu hata mmoja.

Sarufi nayo haimtengi buibui. Msemaji husema "buibui huyu" na "buibui hawa" kama asemavyo "nge huyu" na "nzi hawa". Bali akikusudia vazi la wanawake wa pwani, husema "buibui hili" na "mabuibui haya". Upatanisho wa kisarufi hutofautisha kiumbe na kitu. Hautofautishi miguu sita na minane.

Suala hili si dogo kwa mtunga kamusi. Akiifunga maana ya "mdudu" katika miguu sita pekee, atakuwa ameifuta lugha ya zahanati na ya methali. Akiiacha fasili ya kisayansi, atamnyima mwanafunzi istilahi anayoihitaji darasani. Kamusi haina budi kuzitaja maana zote mbili na kuonyesha uwanja wa kila moja. Mwalimu hakukosea, wala mama hakukosea. Ila mama ndiye aliyelirithi neno, na mwalimu ameliazima.