Pikipiki ya Zschopau: jinsi nakala za vita zilivyokuwa shule ya mafundi wapya

Huko Uingereza, mtu anayetaka kununua pikipiki ya zamani na kuifufua kwa mara ya kwanza huambiwa na mafundi wengi neno moja: atafute BSA Bantam. Siyo pikipiki ya kujionyesha. Ile ya kwanza, iliyotoka mwaka 1948, ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 123, gia tatu, na nguvu za farasi zisizofika tano. Mmotari wa Goma aliyezoea kupandisha abiria wawili na gunia la makaa juu ya Bajaj angeiangalia na kucheka.

Lakini ushauri huo una sababu yake, na sababu hiyo haikuanzia Uingereza. Ilianzia Zschopau, mji mdogo wa Saxony, Ujerumani, ambako Mdenmark mmoja, Jørgen Skafte Rasmussen, alikuwa na kiwanda cha DKW. Mwishoni mwa miaka ya 1920 hakuna kiwanda duniani kilichotengeneza pikipiki nyingi kuliko hicho. Mwaka 1939 mhandisi wake Hermann Weber alitoa RT 125, pikipiki nyepesi ya watu wa kawaida. Injini yake ilikuwa ya mipigo miwili, ile ambayo oili inachanganywa na mafuta ndani ya tanki. Haina supapu, yaani vali, wala mnyororo wa kuziendesha. Ilitumia njia ya mhandisi Adolf Schnürle ya kuelekeza hewa ndani ya silinda kwa matundu ya pembeni, hivyo pistoni ikawa na kichwa cha karibu bapa badala ya kichwa chenye nundu. Kwa hiyo ikapungua uzito na haikuchemka ovyo.

Kisha vita. Ujerumani iliposhindwa mwaka 1945, Zschopau ilibaki upande wa Wasovyeti. Mashine za kiwanda zilifunguliwa na kupelekwa mashariki kama fidia. Weber naye alipelekwa, akafia Urusi mwaka 1948. Michoro ya pikipiki yake ikawa mali ya washindi, na kila mshindi akaitumia kivyake. Moscow ilianza kutengeneza M1A mwaka 1946, kazi ambayo baadaye ilihamishiwa Minsk. Harley-Davidson wa Marekani, watu wa injini kubwa, wakatoa yao ya 125. Waingereza wa BSA, kiwanda kilichoanza na kutengeneza bunduki huko Birmingham, waligeuza michoro kama mtu anavyojiona kwenye kioo, ili pedali ya gia ikae kulia, upande walioupenda. Hiyo ndiyo Bantam.

Japani ilinakili bila kuwa mshindi. Mwaka 1955 kampuni ya piano ilitoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, iliyofuata mfano wa RT 125, na mwaka huohuo ikashinda mbio za kupanda mlima Fuji. Kampuni hiyo ni Yamaha. Wazee wa Kivu wanaokumbuka Yamaha za mipigo miwili za maparokia na mashirika, zile za moshi wa bluu, walikuwa wanaendesha wajukuu wa Zschopau bila kuambiwa.

Sasa arudi yule mnunuzi wetu. Bantam ilitengenezwa hadi mwaka 1971, kwa malaki. Posta ya Uingereza ilizipaka rangi nyekundu na kuwapa vijana wa kupeleka telegramu, ambao hawakuzihurumia. Kwa sababu zilikuwa nyingi, vipuri bado vinatengenezwa na karakana ndogo, ingawa BSA yenyewe ilianguka mapema miaka ya 1970. Hapo ndipo wanaoanza wengi wanapopotea: wanapenda pikipiki ya sura nzuri ya kiwanda kisichojulikana, wanalipa, halafu wanatafuta kifuniko kimoja cha kabureta miaka miwili. Pikipiki ya hadhi ya chini yenye vipuri inashinda ya kifahari isiyo navyo.

Kosa la pili ni kununua pikipiki iliyofunguliwa na kuwekwa ndani ya makatoni. Muuzaji atasema kila kitu kimo. Anayeanza hawezi kujua kama kimo, maana hajawahi kuiona ikiwa imefungwa. Afadhali inunuliwe nzima, hata ikiwa na kutu na haiwaki. Kutu ya nje hutoka. Ya ndani ya tanki ni habari nyingine, basi achukue tochi achungulie.

Akanyage kiki polepole. Ikishuka bila uzito wowote, huenda ringi au silinda zimekwisha, na hilo si msiba: silinda hupanuliwa kwenye mashine na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Ikikataa kabisa kushuka, pistoni imegandia, na bei lazima ishuke badala yake. Ashike upande wa shafti kuu autikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimechoka, na kwenye injini hii shafti hiyo imeunganishwa kwa kubanwa na presi. Kazi hiyo hapewi anayeanza, hulipiwa fundi mwenye vifaa. Sili zake zikivuja, injini huvuta oili ya gia na kutoa moshi usiokwisha, au huvuta hewa na kukataa kuwaka. Wengi hubadilisha buji na kabureta mara tatu kabla ya kuzifikiria sili.

Mwisho karatasi. Kwenye Bantam za mwanzo nambari ya injini na ya fremu hazikuwa lazima zifanane, hivyo tofauti peke yake haimaanishi wizi. Vyama vya wenye BSA husaidia kusoma nambari hizo na kutaja mwaka wa kutengenezwa. Jambo la kutisha ni nambari ya fremu iliyosagwa kwa tupa. Mnunuzi akikuta chuma kimelainishwa mahali hapo, anaaga na kwenda nyumbani na pesa zake.