Maudhi madogo madogo: madogo kwa nani? (Sehemu ya 4)

Sehemu 3 zilizopita tuliongelea uvimbe kwenye titi, kipimo cha kinyama na siku ya upasuaji. Leo ni zamu ya dawa, na nitapitia kwenye historia kwanza, maana meseji zenu nyingi zinauliza kitu kimoja: "Nesi, dawa zinanitesa kuliko huo ugonjwa wenyewe, niache?" Naomba usiache leo. Soma kwanza.

Sisi wahudumu wa afya tuna msemo wetu. Ukija kliniki ya uzazi wa mpango ukachomwa sindano, tunakwambia utapata "maudhi madogo madogo". Msemo huo umehamia mpaka kwenye kansa. Neno maudhi sina ugomvi nalo. Hilo "madogo" ndilo linanikera. Madogo kwa nani? Kwa aliyeandika kwenye faili, au kwa mama anayeamka saa 8 usiku kanga imelowa chapachapa? Nimesoma historia ya matibabu haya na kitu kimoja kinajirudia: kila wagonjwa waliposema na mtu akaandika walichosema, matibabu yalibadilika. Walipomezea, yalibaki vile vile.

Mwanamke wa kwanza ninayemjua aliyeeleza mwenyewe kwa kalamu ni Fanny Burney, mwandishi wa riwaya, Mwingereza aliyekuwa akiishi Paris. Tarehe 30 Septemba 1811 alikatwa titi la kulia. Nusu kaputi haikuwepo wakati ule, alinyweshwa kinywaji chenye mvinyo basi, na mmoja wa madaktari wale alikuwa Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon. Baadaye alimwandikia dada yake barua ndefu kueleza kila alichosikia mwilini. Aliishi mpaka 1840. Watu wanaipenda hadithi yake kwa sababu ya ule ujasiri wa kukatwa akiwa macho. Mimi naipenda kwa sababu hakusema "nashukuru nimepona" akanyamaza.

Tuje kwenye mkono, maana hapa watu wa Tanga tuna jambo letu.

Mwishoni mwa miaka ya 1800 kule Baltimore, Marekani, daktari William Halsted alianza upasuaji mkubwa. Anaondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi zote za kwapani kwa mpigo mmoja. Lengo lilikuwa jema, uvimbe usirudi pale pale. Upasuaji wake ulitawala dunia karibu miaka 80. Wanawake walibaki na kifua kilichobonyea na mkono uliovimba. Mwaka 1921 Halsted mwenyewe aliandika kuhusu uvimbe huo, na jina alilolipa, ukilileta kwenye Kiswahili chetu, ni matende ya upasuaji.

Matende! Sisi watu wa pwani tusihadithiwe. Matende na mabusha tumeyaona kwa babu zetu, na kampeni za kugawa dawa za kumeza tumezipanga foleni. Ndiyo maana mama wa Nguvumali akivimba mkono miezi 6 baada ya upasuaji, mtaa mzima una jibu: ameng'atwa na mbu, au amerogwa. Ukweli ni kwamba matende ya mbu yanatokana na minyoo midogo inayoharibu njia za maji ya mwili. Huu mkono njia zimeharibika kwa sababu tezi za kwapani ziliondolewa au zilipigwa mionzi. Chanzo mbalimbali, bomba lililoziba ni la aina moja. Dawa za kampeni hazitaupunguza mkono wako.

Lakini matunzo yanafanana mno, na hapa ndipo ujuzi wa bibi zetu unapofaa. Waliouguza mguu wa matende wanajua: osha kwa sabuni kila siku, kausha vizuri mpaka katikati ya vidole, paka mafuta ngozi isipasuke, nyanyua ukiwa umekaa, fanya mazoezi mepesi. Fanya hivyo hivyo kwa mkono. Na tafadhali sana, asitokee mtu wa kuuchanja chale. Kile kijidonda cha wembe ni mlango wa vijidudu, na mkono ule hauna walinzi wa kutosha. Ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Nani aliondoa upasuaji wa Halsted? Madaktari, ndiyo. Bernard Fisher wa Pittsburgh alilinganisha makundi ya wagonjwa, na matokeo yaliyotoka 1985 yakaonyesha kwamba kwa wanaofaa, kuondoa uvimbe tu na kupiga mionzi kunaokoa maisha sawa na kuondoa titi zima. Ila kabla yake kulikuwa na mwandishi wa habari, Rose Kushner, aliyegundulika 1974. Enzi hizo ulikuwa unalazwa usingizi kwa ajili ya kipimo, unaamka huna titi. Yeye aligoma. Akataka apimwe kwanza, aamke, aamue mwenyewe. Akaandika, akasumbua watu, wakamchukia, na 1979 alikaa kwenye jopo la taifa la Marekani lililosema upasuaji wa Halsted usiwe tena ndio utaratibu wa kawaida. Mgonjwa, jamani, kwenye meza ya madaktari.

Sasa dawa. Hapa kwetu jina linalokuja kwanza ni Ocean Road, ile hospitali ya Wajerumani ya Dar es Salaam iliyofunguliwa 1897, ambayo mwaka 1996 ikawa taasisi ya taifa ya saratani. Wengine kutoka Tanga wanaelekea Moshi, KCMC. Kote ni kilomita zaidi ya 300. Kwa hiyo ona mpangilio wake: dripu unawekewa mbali, maudhi unakuja kuyaishi nyumbani, mbali na aliyekuwekea. Anayeyaona ni mumeo, dada yako, jirani, au binti wa darasa la sita anayekuletea maji.

Kemo ilitokana na sumu ya vita, gesi ya haradali. Miaka ya 1940 Wamarekani waliona inaangusha chembe nyeupe za damu, wakasema basi tuijaribu kwa kansa za damu. Kwa hiyo tangu mwanzo, dawa na dhara ni kitu kimoja. Inaua kinachokua haraka: kansa, lakini pia nywele, utando wa mdomo, na chembe za kinga.

Kwa miaka mingi wagonjwa walitapika mpaka wakaacha matibabu. Mwaka 1983 watafiti wa Sydney, Australia, walifanya kitu rahisi ajabu: waliwauliza wagonjwa, kipi kinakutesa zaidi? Namba 1 ikawa kutapika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja ondansetroni, dawa mpya ya kuzuia kutapika, na walipoulizwa wengine tena miaka ya baadaye, kutapika hakukuwa tena namba 1. Kwa hiyo ukirudi kwenye mzunguko wa pili usiseme "nilitapika kidogo, kawaida tu". Sema mara ngapi, siku ngapi, na kama maji yalikaa tumboni. Dawa ya kutapika inaweza kuongezwa au kubadilishwa, ila siyo kwa mgonjwa aliyesema kawaida tu.

Na hili naliandika peke yake ulisome mara 2. Uko kwenye kemo, umepata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu: usikimbilie duka la dawa kununua mseto ukarudi kulala. Tanga homa tunaijua kwa jina la malaria, na inaweza kweli ikawa malaria. Lakini kinga yako siku hizo iko chini kabisa na maambukizi yanaweza kukuondoa ndani ya saa chache. Nenda hospitali hata kama ni usiku, na neno la kwanza mlangoni liwe: niko kwenye kemo. Wahi kabla ya kupanga foleni ya kadi.

Ile dawa nyekundu, doksorubisini, mkojo wako utakuwa mwekundu siku 1 au 2, usiogope. Hiyo ndiyo inayohesabiwa dozi maisha yako yote kwa sababu ya moyo. Paklitakseli inatokana na gome la mti wa magharibi mwa Marekani, lilikusanywa kwa uchunguzi mara ya kwanza 1962, ikaruhusiwa kule kwa kansa ya titi 1994. Maudhi yake makubwa ni ganzi na kuchomachoma vidoleni. Mtu atasema ganzi ni kitu gani? Mwambie akune nazi kwenye mbuzi bila kuhisi vidole vyake viko wapi. Ageuze chapati. Ashike sufuria asijue kama ya moto mpaka ngozi iungue. Taja ganzi mapema, wakati bado dozi inaweza kupunguzwa, kwa sababu nyingine haiondoki kabisa.

Tamoksifeni nitakaa nayo kidogo, maana ndiyo wengi wenu mnayo nyumbani. Ilitengenezwa 1962 Uingereza na mwanakemia Dora Richardson, kwenye kampuni iliyokuwa inatafuta kidonge cha kuzuia mimba. Kwa mimba ikafeli. Kwa kansa zinazokula homoni ikafaulu, na daktari Mary Cole na wenzake wa Manchester waliotoa matokeo ya kwanza 1971 waliisifu kwa kuwa na maudhi machache. Machache kulinganisha na nini? Na dawa za homoni za kabla yake, zilizokuwa balaa! Sifa ile ikaganda, mpaka leo mama anapewa pakiti bila maelezo ya kutosha.

Ni dawa nzuri, nasema hivyo bila kusita. Kwa kansa inayotegemea homoni, kumeza miaka 5 kunapunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Lakini ni miaka 5, wengine 10. Joto la ghafla linapanda kifuani mpaka usoni, moyo unakwenda mbio, jasho, halafu baridi. Kwenye kaskazi ya Tanga! Nimekutana na mama aliyeacha vidonge miezi 8 bila kumwambia mtu, kwa sababu shangazi yake alishamthibitishia kwamba linalomtembelea usiku ni jini mahaba. Mume naye akaamini, akahamia kwenye kochi. Kumbe ni kidonge. Zipo dawa zisizo za homoni za kupunguza joto hilo, na daktari anajua ipi inagombana na tamoksifeni, kwa hiyo usijinunulie. Ukavu na maumivu chumbani navyo vina msaada, kuna jeli za kulainisha zenye asili ya maji. Aibu ya dakika 2 kwa nesi ni nafuu kuliko ndoa kuumwa miaka 5.

Yasiyo maudhi ya kungoja kliniki: damu ukeni wakati hedhi ilishakoma, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana ghafla. Hayo wahi. Na tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo kinga ya mimba iwe isiyo ya homoni, kondomu au kitanzi cha shaba. Siyo vidonge vya majira, siyo sindano, siyo vijiti.

Mwaka 1998 Marekani iliruhusu trastuzumabu, wengi mnaijua kwa jina la Herceptin, kwa kansa yenye HER2. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2015. Nywele haing'oi, watu wakafurahi. Lakini kwenye majaribio, waliopewa pamoja na ile dawa nyekundu zaidi ya robo walipata shida ya moyo. Hawakuitupa dawa, walijifunza kuzitenganisha na kupima moyo kwa eko kabla na wakati wa matibabu. Mara nyingi moyo unarudi dawa ikisimamishwa mapema. Kwa hiyo ukianza kuhema ukipanda ngazi, au unahitaji mito 2 ndiyo ulale, usiseme ni uzee.

Zinazokuja baada ya hapo huku kwetu bado ni za wachache kwa sababu ya bei, nazitaja haraka kwa walio na ndugu nje. Palbosiklibu, tangu 2015, inashusha chembe nyeupe. Trastuzumabu iliyobebeshwa kemo, tangu 2019, inaweza kuwasha mapafu, na kikohozi kikavu kipya ni taarifa siyo mafua. Zile za kuamsha kinga zinaweza kuifanya kinga ishambulie tezi ya shingo, utumbo au ini, hata miezi baada ya dozi ya mwisho.

Namalizia na swali la dada wengi mliogundulika mkiwa na miaka 30 na kitu: miaka 5 ya vidonge, na mtoto je? Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi mbalimbali, wanawake zaidi ya 500 wa miaka 42 au chini, waliomeza dawa za homoni miezi 18 mpaka 30 kisha wakasimamisha kwa muda usiozidi miaka 2 ili watafute mimba. Kwa kipindi kifupi walichofuatiliwa, kansa haikurudi zaidi kuliko kwa waliolinganishwa nao, na wengi walijifungua. Bado wanafuatiliwa. Walisimamisha kwa mpango wa daktari, wakasubiri miezi 3 dawa itoke mwilini ndipo wakaanza kutafuta, na baada ya kuzaa wakatakiwa kurudi kwenye vidonge. Kama hilo ndilo lililokufanya ufiche pakiti chini ya godoro, litoe, uende nalo kliniki pamoja na huyo mume, mkaulize swali hilo wote wawili.