Vijana wa Migori na Kinga Dhidi ya Tumbaku

Kampeni nyingi za kuwakinga vijana na tumbaku zilibuniwa kwa ajili ya kijana wa mjini, anayekutana nayo dukani. Katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, hasa upande wa Kuria, wengi hukutana nayo kwanza shambani: hupanda miche, huchuma majani na hukesha wakichochea moto wa kukaushia. Kijana kama huyo akiambiwa kwamba sigara huharibu mapafu, huwa ameambiwa nusu ya jambo, na pengine nusu isiyomhusu sana.

Nusu nyingine ni nikotini. Kwa kuwa huyeyuka katika maji, jani lililolowa umande au mvua huipitisha kwenye ngozi ya mchumaji, naye hupatwa na kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Mwili wa mvutaji huwa umekwisha kuizoea kiasi. Asiyevuta ndiye hulemewa upesi. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2014 ilitokana na mahojiano na watoto 141 waliofanya kazi katika mashamba ya tumbaku Marekani, na wengi walieleza dalili za namna hiyo. Elimu ya kinga ikianzia hapa, kijana husikiliza kwa sababu inamhusu mwenyewe.

Jimbo la Florida, Marekani, hutajwa mara nyingi kama kielelezo cha kinga hiyo. Kuanzia 1998, vijana wake waliongoza kampeni iliyofichua hila za kampuni za sigara, na uvutaji miongoni mwa wanafunzi ukapungua. Migori haiwezi kuiga jambo hilo lilivyo. Kampuni ya tumbaku hapa ndiyo mnunuzi, ndiyo mkopeshaji wa mbegu na mbolea, na malipo yake ndiyo yanayotegemewa kwa karo. Kijana akifundishwa kuilaani hadharani, anagombanishwa na baba yake.

Njia yenye manufaa zaidi ni hesabu. Tafiti za uchumi nchini Kenya zimeonyesha kwamba faida ya mkulima mdogo wa tumbaku hupungua sana, au hugeuka hasara, kazi ya familia inapohesabiwa kama gharama. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzijumlisha saa za mama na za wadogo zake, kuni zilizoteketea na makato ya mkopo, kisha akaipeleka hesabu hiyo nyumbani. Hapo uchechemuzi huanza bila kelele.

Dukani pana kazi pia. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na inakataza pakiti yenye sigara pungufu ya kumi; hata hivyo uuzaji wa mojamoja unaendelea. Kumtuma kijana akamshtaki mwenye duka, ambaye huenda ni shangazi yake, si busara. Baraza la chifu linafaa zaidi.

Kwa ngazi ya juu, Kifungu cha 119 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na hakitaji umri. La kuombwa lipo: tangu 2022, mradi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, yaani WHO, FAO na WFP, pamoja na serikali umewasaidia wakulima wa Migori kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma, wakiwa na soko la uhakika. Vijana wanaweza kudai soko hilo lifike katika vijiji ambavyo bado vina mnunuzi mmoja tu.