Ukiri Uliobeba Jina la Athanasio

Upo ukiri wa imani wa Kilatini unaoanza na sharti zito: anayetaka kuokoka hana budi kwanza kuishika imani Katoliki, na asiyeitunza nzima atapotea milele. Imani yenyewe, unasema, ni kumwabudu Mungu mmoja katika Utatu. Kwa karne nyingi uliaminika kuwa kazi ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliyefukuzwa mjini kwake mara tano katika mapambano yaliyozuka juu ya mafundisho ya Ario, padri aliyekana kwamba Mwana ni sawa na Baba.

Athanasio hakuuandika. Mwaka 1642 Gerardus Vossius, mwanazuoni wa Uholanzi, alitoa hoja zilizolitenga jina hilo na ukiri huo. Askofu huyo aliandika Kigiriki na alifariki mwaka 373. Ukiri ulitungwa kwa Kilatini, na wanazuoni wengi wanauona kuwa wa kusini mwa Ufaransa ya leo, karne moja au zaidi baada ya kifo chake.

Tarehe hizo zina maana. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulitamka kuwa Mwana ni wa asili moja na Baba, ila juu ya Roho Mtakatifu ulisema tu kwamba anaaminiwa. Maelezo zaidi yalingoja Mtaguso wa Konstantinopoli, 381. Basi, kwa sharti lile la ukiri, tuwaweke wapi Perpetua na Felisita, waliouawa Karthago mwaka 203 kwa kukataa kumkana Kristo? Wakristo wa wakati wao walibatiza kwa jina la Baba, Mwana na Roho, lakini lugha ya asili moja na nafsi tatu bado ilikuwa inatafutwa. Kanisa linawaheshimu kama watakatifu, na kwangu ushahidi wao unashinda hoja nyingi za vitabuni.

Sharti lile lilipokabidhiwa dola, watu walikufa. Michael Servetus, tabibu wa Kihispania, alichapisha mwaka 1531 kitabu cha kuyapinga mafundisho ya Utatu. Baraza la mji wa Geneva likamhukumu, naye akachomwa moto akiwa hai huko Champel tarehe 27 Oktoba 1553. Calvin, mwanamatengenezo wa mji huo aliyekuwa mstari wa mbele kumshtaki, aliomba akatwe kichwa badala ya kuchomwa, hakusikilizwa. Inasimuliwa kwamba Servetus alikufa akimlilia Yesu amhurumie, akimwita Mwana wa Mungu wa milele. Kama neno “wa milele” angelitumia kwa Mwana, si kwa Mungu tu, washtaki wake wangeridhika. Siwezi kusoma habari hiyo bila uchungu.

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliikumbuka katika mahubiri yake ya mwaka 1775 juu ya Utatu. Alikataa kumlazimisha yeyote kutumia maneno “Utatu” na “nafsi”, na akaona ni ukatili mtu kuchomwa kwa kutoyatumia. Hata hivyo hakuulegeza ukweli wenyewe: anayekana kwamba watatu hawa ni mmoja, alisema, haoni atakuwaje na dini iliyo hai. Tumaini lake kwa watu hao lilikuwa kwamba Mungu atawafikisha kwenye kweli kabla hawajafa.

Waanglikana wa Marekani walipotengeneza kitabu chao cha sala mwaka 1789, waliubakiza ukiri wa Nikea na kuuondoa ule wa Athanasio. Utatu waliendelea kuukiri. Hukumu ya wasiouamini hawakuisoma tena ibadani.