Vitabu vya Kiingereza ng'ambo ya Kasindi

Kijana wa Kanyabayonga anayemaliza umanite amesomeshwa waandishi wa Kifaransa. Jamaa yake Mkonzo, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, akichagua fasihi ya Kiingereza katika darasa la tano na la sita la sekondari ya Uganda, atafanya mitihani mitatu: mmoja wa nathari na mashairi, wa pili wa michezo ya kuigiza, wa tatu wa riwaya. Wanande na Wakonzo wanasikilizana kwa lugha ya nyumbani. Mpaka wao uliamuliwa na Wazungu mwaka 1910, mbali sana na Ruwenzori. Kwetu walikuja mapadre wa Assomption kutoka Ubelgiji, mwaka 1929, na shule zikawa za Kifaransa. Lakini Kiingereza cha shule za Kikatoliki za Uganda kilifikaje?

Mapadre wa kwanza waliofika kwa Kabaka Mutesa, mwaka 1879, walikuwa Mapadre Weupe kutoka Ufaransa. Kwa hiyo Wakatoliki wa Buganda wakaitwa Bafransa, na Waprotestanti Bangereza. Majina hayo hayakuwa mchezo. Tarehe 24 Januari 1892 pande hizo mbili zilipigana Mengo, na Kapteni Lugard, mtu wa kampuni ya Kiingereza, aliwapa Waprotestanti bunduki. Wakatoliki walishindwa. Tena kila Mkatoliki alihesabiwa rafiki wa Ufaransa, yaani mtu wa kushukiwa.

Roma ikatafuta dawa. Mwaka 1894 sehemu ya mashariki ya nchi ilikatwa, wakapewa mapadre wa Mill Hill, shirika lenye asili yake London. Walifika 1895 pamoja na Askofu Hanlon. Walitakiwa waonyeshe kwamba mtu aweza kuwa Mkatoliki na kusema Kiingereza! Mwaka 1902 walifungua shule ya Namilyango kwa wana wa machifu. Mapadre Weupe nao hawakukaa kitako. Mwaka 1906 walianzisha shule ambayo baadaye ilihamia Kisubi. Basi Kiingereza kiliingia shuleni kwetu kwa ajili ya kulinda kundi, si kwa ajili ya Shakespeare.

Shakespeare alikuja na mtihani. Mitihani ya sekondari ilitoka Cambridge, na tangu 1949 Makerere ilitayarisha wanafunzi kwa digrii za Chuo Kikuu cha London. Mkonzo aliweza kuona theluji ya Ruwenzori kwa macho yake, lakini theluji ya vitabuni ilikuwa ya Uingereza. Hata hivyo wengine walivipenda vitabu hivyo kweli. Julius Nyerere, Mkatoliki aliyefundisha katika shule ya Mapadre Weupe ya Tabora, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, naye ni Rais. Sijui alipata wapi nafasi.

Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, walimu watatu, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba, waliuliza kwa nini Uingereza iwe katikati ya masomo na Afrika iwe pembeni. Baadaye Achebe na Okot p'Bitek wakaingia hata katika madarasa ya sekondari.

Kwa Mkongo swali hilo ni kali zaidi. Joseph Conrad, Mpolandi kwa asili, alipanda mto Kongo kwa meli mwaka 1890. Mwaka 1899 akatoa kisa chake Heart of Darkness, ambacho wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza wanakisoma kila mahali. Ni haki kusema kwamba anaulaani uroho wa Wazungu waliotafuta pembe. Lakini watu wa mto wenyewe hawana majina, na maneno yao ni machache mno. Mwezi wa Februari 1975, huko Marekani, Achebe alimwita Conrad mbaguzi, na mabishano hayajaisha.

Kijana wetu akivuka Kasindi kwenda kusoma, huenda atafunguliwa kitabu hicho darasani, na wenzake watamgeukia yeye. Achukue basi kitabu cha Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kuishi kwa muda katika monasteri ya Wabenedikto nchini Rwanda. Riwaya yake Entre les eaux ilitoka 1973, na tangu 1991 inasomeka kwa Kiingereza pia. Ni habari ya padri Mkongo aliyejiunga na waasi. Padri huyo ana jina, Pierre Landu. Ana mashaka yake, na anayasimulia mwenyewe.