Kituo cha gesi cha joto na umeme: mfano wa Yakutsk

Kituo cha joto na umeme huchoma nishati mara moja na kuuza bidhaa mbili: umeme unaopita kwenye nyaya, na maji moto yanayopita kwenye mabomba mpaka ndani ya nyumba za watu. Msomaji wa Afrika Mashariki ameizoea bidhaa ya kwanza tu. Kinyerezi II jijini Dar es Salaam, kituo cha megawati 240 kilichozinduliwa mwaka 2018, hukamata moshi wa moto unaotoka kwenye turbini za gesi na kuuchemshia maji, lakini mvuke wake huenda kuzungusha turbini nyingine ili ufuliwe umeme zaidi. Mkazi wa Kinyerezi hana haja ya kuletewa joto nyumbani. Analo la bure, na mara nyingi angependa lipungue. Mjini Yakutsk, makao makuu ya Jamhuri ya Sakha huko Siberia ya mashariki, moshi wa namna hiyohiyo una kazi nyingine. Kituo kipya cha mji huo, kiitwacho kwa Kirusi Yakutskaya GRES-2 na kilichoanza kazi mwaka 2017, kinaonyesha waziwazi kwamba mtambo wa aina hii katika nchi ya baridi huhesabiwa kuwa wa umeme kwa jina tu. Kwa kazi yake ni jiko, na karibu kila uamuzi wa kuujenga, tangu mahali pa kuuweka mpaka aina ya chuma, unafuata mahitaji ya jiko.

Baridi yenyewe lazima itajwe kwa tarakimu, kwa kuwa neno “baridi” la Njombe au Limuru halitoshi hapa. Wastani wa Januari mjini Yakutsk ni karibu nyuzi 38 chini ya sifuri, na mwaka 1891 kipimo kiliwahi kushuka hadi nyuzi 64.4 chini ya sifuri. Julai ya mji huohuo huleta nyuzi 19 au 20, na siku za joto kali kipimo hupita 35. Nyumba hupashwa joto kwa zaidi ya miezi 8 kwa mwaka. Kanuni za Urusi zinataka chumba cha kulala katika maeneo ya baridi kali namna hii kisiwe chini ya nyuzi 20, kwa hiyo siku ya kawaida ya Januari ukuta mmoja unatenganisha pande mbili zinazopishana kwa nyuzi karibu 60. Sensa ya 2021 ilihesabu watu zaidi ya 350,000 wanaoishi nyuma ya kuta hizo. Umeme ukikatika jioni, wanawasha mishumaa na kulalamika kama watu wa mji wowote. Joto likikatika, maji yaliyomo kwenye mabomba ya nyumba huanza kuganda baada ya saa chache, barafu hutanuka, mabomba hupasuka, na jengo lisilotolewa maji mapema huweza kuwa halikaliki hadi kiangazi.

Tarakimu za kituo zinasema hivyohivyo. GRES-2 ina turbini 4 za gesi zenye jumla ya megawati 193 za umeme. Uwezo wake wa joto ni gigakalori 469.6 kwa saa, yaani megawati 546 hivi, karibu mara tatu ya umeme. Turbini za aina hiyo hugeuza kuwa umeme kama asilimia 40 ya nishati iliyomo kwenye gesi. Basi ili kupata megawati 193 za umeme zinachomwa kama megawati 480 za gesi, na zinazobaki, ambazo kituo cha kawaida huziachia angani, hazifiki 300. Hata kama joto lote la moshi lingekamatwa bila kupotea chembe, jambo ambalo haliwezekani, bado lisingetosha kufikia 546. Sehemu kubwa ya joto la siku za baridi kali inatoka kwenye maboila yanayochoma gesi moja kwa moja na kupasha maji, yasiyofua hata wati moja ya umeme. Mhandisi aliyetaka umeme tu asingeyanunua.

Fikra ya kuuza joto la ziada ni ya zamani. Nchini Urusi ilianzia Leningrad mwezi Novemba 1924, nyumba namba 96 ya ukingo wa mto Fontanka ilipounganishwa na kituo cha umeme cha jirani, kisha ikawa sera ya taifa zima: miji ya Kisovieti ilijengwa ikiwa na mabomba ya joto kama miji mingine inavyojengwa na mifereji ya maji taka. Yakutsk ilipata kituo chake cha kwanza mwaka 1937. Gesi ilifika mwaka 1967 kwa bomba kutoka Taas-Tumus, upande wa kaskazini-magharibi, na mwaka 1970 ikawashwa GRES ya kwanza, ambayo mpya ilijengwa ili kuipokea mzigo. Kituo kilichodumu karibu nusu karne hakizimwi kwa siku moja pale ambapo kukizima ni kuzima majiko yote ya mtaa. Ujenzi wa mpya ulilazimika kwenda huku wa zamani ukiendelea kuunguruma, na mabomba kuhamishwa mkondo mmoja baada ya mwingine.

Jiko haliwi mbali na chakula. Umeme husafiri kilometa mamia kwa hasara ndogo. Maji moto hupoa njiani, na gharama ya bomba hupanda kwa kila mita. Kwa sababu hiyo kituo hujengwa pembeni mwa mji badala ya kwenye visima vya gesi, na ni gesi inayosafirishwa, kwa kuwa gesi haipoi thamani. Hapo ndipo tatizo kubwa la ujenzi linapoanza, kwa maana Yakutsk ni mji mkubwa kuliko yote duniani uliosimama juu ya jalidi ya kudumu, yaani ardhi inayobaki imeganda mwaka baada ya mwaka. Fyodor Shergin, wakala wa Kampuni ya Kirusi na Kiamerika, alianza kuchimba kisima cha maji mjini humo mwaka 1828. Alipofika mita 116 mwaka 1837, alikuwa bado yumo kwenye udongo ulioganda, akaacha. Kisima chake kikavu kikawa chombo cha sayansi, na leo mji huo una taasisi nzima ya utafiti wa jalidi.

Udongo huo ukiwa umeganda ni mgumu kama zege. Ukiyeyuka na barafu yake ni uji. Sasa unataka kuweka juu yake jengo ambalo kazi yake ni kutoa joto. Suluhisho la wajenzi wa kaskazini si kupambana na barafu. Wanailinda kama mtu anavyolinda nguzo za nyumba yake. Mashimo huchimbwa, nguzo za zege huteremshwa ndani kabisa, tope humiminwa pembeni na kuachwa liigandishe nguzo mahali pake, kisha jengo huinuliwa juu ya nguzo hizo na kuachiwa uwazi chini ya sakafu. Upepo wa majira ya baridi hupita kwenye uwazi huo na kuipoza ardhi upya kila mwaka. Pale uwazi usipotosha huongezwa mirija iliyofungwa, yenye amonia au kimiminika kingine, ambayo wakati wa baridi hunyonya joto la ardhini na kulitoa hewani bila pampu wala umeme. Bomba la mafuta la Alaska, lililoanza kazi 1977, linasimama kwa msaada wa mirija zaidi ya 120,000 ya namna hiyo. Mabomba ya maji moto nayo hayafukiwi. Yanapita juu ya vigingi mitaani yakiwa yamefungwa blanketi nene, na kwenye barabara hupanda juu kama lango ili magari yapite. Mgeni huona uchafu wa mandhari. Kumbe ni msingi wa mji unaolindwa.

Baridi hiyohiyo ina zawadi yake. Turbini ya gesi hupumua hewa, na hewa ya nyuzi 40 chini ya sifuri ni nzito kwa takriban asilimia 30 kuliko ya nyuzi 32 za mchana wa Dar es Salaam. Kila mita moja ya ujazo inayoingia ina oksijeni zaidi na uzito zaidi wa kusukuma pangaboi, kwa hiyo mashine ileile hutoa nguvu nyingi zaidi, mpaka pale vyuma vyake vinapofikia kikomo. Hatari haiko kwenye baridi kali, ambayo ni kavu, bali karibu na sifuri, wakati unyevu unapoganda mdomoni mwa turbini na vipande vya barafu kuweza kuvunja panga za ndani. Hewa inayoingia inabidi ipashwe kidogo kwanza. Chuma cha kawaida nacho hubadilika tabia: kilichopinda bila shida kiangazi huvunjika kama chungu wakati wa baridi, na ndiyo maana Warusi hutumia aina kama 09G2S, iliyothibitishwa hadi nyuzi 70 chini ya sifuri. Zege lazima lipashwe lisije likaganda kabla ya kushika. Mizigo mizito huja kwa matishari juu ya mto Lena katika miezi michache usipokuwa na barafu. Sehemu moja ikikosa meli ya mwisho, ratiba nzima inaweza kusogea mwaka.

Jiko la namna hii haliruhusiwi kuwa na chanzo kimoja. Turbini 4 za wastani zimechaguliwa mahali ambapo moja kubwa ingekuwa rahisi zaidi kwa kila megawati, kwa sababu moja ikiharibika tatu zinabaki. Ni za aina ya LM6000 ya General Electric, wajukuu wa injini ya ndege CF6 inayojulikana kwenye Boeing 747, na kama injini ya ndege zinaweza kung’olewa na kubadilishwa kwa siku chache. Mpaka Januari 2019 eneo la kati la Sakha halikuwa limeungana na gridi kuu ya Urusi, kwa hiyo hapakuwa na jirani wa kukopa. Gesi nayo inahitaji akiba, na akiba hiyo ni dizeli kwenye matangi. Akiba ina hatari zake. Tarehe 29 Mei 2020 tangi la dizeli ya akiba kwenye kituo cha gesi cha Norilsk, mji mwingine wa jalidi, lilititia msingi na kupasuka. Takriban tani 21,000 zikamwagika na kuingia mto Ambarnaya, na kampuni yenye kituo ikaamriwa kulipa fidia ya zaidi ya rubo bilioni 146. Kampuni ilitaja kuyeyuka kwa ardhi, wakaguzi wakataja kasoro za usanifu na ujenzi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, maelezo hayo mawili hayapingani: msingi uliosanifiwa kwa hali ya hewa ya jana ni msingi wenye kasoro.

Wapo wanaosema kituo cha mzunguko pacha, kama kile cha Kinyerezi II, kingetoa umeme mwingi zaidi kwa gesi ileile. Ni kweli, na vipo vinavyojaribu kupata vyote: Lausward ya Düsseldorf, iliyofunguliwa 2016, hufikia zaidi ya asilimia 61 ya umeme na asilimia 85 ukijumlisha joto. Lakini Düsseldorf haina Januari ya Yakutsk. Kila kilo ya mvuke iliyozungusha turbini ya pili imepoa, na mji unaohitaji joto mara tatu ya umeme ungelazimika kuchoma gesi nyingine kulirudisha. Wengine wanapendekeza pampu za joto. Helsinki ina mtambo wa Katri Vala tangu 2006 unaovuta joto kutoka maji taka, nao unafanya kazi vizuri. Pia Finland ilikatiwa gesi ya Urusi Mei 2022 na imejifunza thamani ya kutotegemea bomba moja. Pampu inayovuta joto hewani, hata hivyo, hupoteza nguvu kadiri hewa inavyopoa, ikichoka zaidi siku ileile inayohitajika zaidi, na Yakutsk ingehitaji vituo vya kufua umeme vingi zaidi ya ilivyo navyo ili kuziendesha.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la hali ya hewa. Gesi hutoa kama nusu ya kaboni dioksidi ya makaa kwa joto lilelile, na kituo cha pamoja huichoma mara moja badala ya mara mbili, lakini nusu si sifuri, na methani inayovuja kabla ya kufika kwenye kichomeo hupunguza faida hiyo. Moshi wa jiko unaochangia kuyeyusha ardhi iliyolibeba jiko ni mkanganyiko ambao hakuna mrija wa amonia unaoufuta. Unachofanya ni kununua miaka. Awamu ya pili ya kituo, inayokusudiwa kukiondoa kabisa kile cha 1970, imekumbana na kikwazo cha aina nyingine: General Electric ilisimamisha sehemu kubwa ya shughuli zake nchini Urusi mwaka 2022, na turbini zitakazofuata haziwezi kuwa ndugu za zile 4. Gharama ya kuweka vipuri vya familia mbili za mashine mwisho wa mto unaoganda italipwa na wakazi wa Yakutsk, kupitia ankara ya maji moto.